Hela ya chakula inaisha kabla ya mwezi, inavujia wapi?

Kapu_la_Wiki

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa watu wanaozijua hesabu za jikoni kwa undani, maana ushauri wa "punguza matumizi" tumeusikia wa kutosha.

Nyumba ina watu wazima wawili na watoto watatu. Tunapika karibu kila siku, orodha ya manunuzi ipo na tunachagua vya bei nafuu. Pamoja na hayo, wiki ya mwisho wa mwezi inatukuta mifuko mitupu. Nikizipanga risiti sioni kitu kimoja cha kukilaumu. Nafaka na mafuta vinanunuliwa kwa jumla mwanzo wa mwezi, mboga na matunda mara moja kwa wiki, nyama na mayai kidogo kidogo. Halafu kuna ya nje: chakula cha mchana kazini, chai na vitafunwa, na jioni moja moja watu wakiwa wamechoka tunaagiza chakula kwa simu.

Maswali yangu: kununua kwa jumla kunaokoa kweli? Mboga za majani zinanyauka au kuoza haraka hata ndani ya friji, kosa liko wapi? Kula nje kunaweza kupunguzwa bila kujinyima kabisa? Na je, kuna asilimia ya kipato ambayo chakula hakitakiwi kuivuka?

Mizani_Kwanza

Mkuu, nianze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Asilimia moja inayofaa kila nyumba haipo. Mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo ndivyo fungu la chakula linavyokula sehemu kubwa ya kipato hicho, na wachumi bado wanaitumia kanuni hiyo. Usijipime kwa nyumba ya jirani. Jipime kwa gharama ya chakula kilicholiwa, yaani baada ya kutoa maganda, mifupa, maji ya kopo na kilichoishia kwenye ndoo ya taka.

Bei ya dukani ni ya kilo inayoingia kwenye mfuko, ilhali watu wanashiba kwa kilo inayofika kwenye sahani. Chukua bei ya kilo, igawe kwa sehemu inayolika. Ganda la ndizi mbivu ni karibu theluthi ya uzito, kwa hiyo unagawa kwa 0.65. Nanasi likishamenywa na kutolewa moyo hubaki karibu nusu, hivyo bei yake ya kweli ni kama mara mbili ya uliyolipa. Fanya hivyo kwa matunda mnayokula mara nyingi, utashangaa yapi ni ghali.

Makopo yana hesabu yake. Kopo la kawaida la maharage la gramu 400 hubaki na takriban gramu 240 ukishachuja maji. Gramu 100 za maharage makavu zikiiva hutoa karibu uzito huohuo. Kwa hiyo kilo moja kavu ni sawa na makopo kumi. Gawa bei ya kilo kavu kwa 10, jumlisha gharama ya moto, ndipo ulinganishe na bei ya kopo moja.

Kwa vyakula vya protini, linganisha kwa gramu za protini badala ya kilo. Maharage makavu yana takriban gramu 22 kwa kila gramu 100. Yai moja la kawaida lina kama gramu 6. Ina maana kilo moja ya maharage makavu ina protini nyingi kuliko trei ya mayai 30. Lakini msiwaondolee watoto mayai, maziwa, nyama au samaki eti kwa sababu hesabu imependelea maharage: protini ya mayai humeng'enywa vizuri zaidi, na vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa asili. Maharage yawe mlo wa siku nyingi, mayai yabaki na nafasi yake.

Ofa nazo zipigwe hesabu kabla ya kubebwa. "Nunua mbili, ya tatu bure" ni punguzo la theluthi kwa anayezila zote tatu. Ya tatu ikioza, umelipa bei kamili na umebeba uchafu. "Ya pili kwa nusu bei" ni asilimia 25 ya jumla ingawa macho yanaona 50. Na kabla hujafurahia bei ambayo haijapanda, soma uzito halisi kwenye pakiti. Ya gramu 500 ikishushwa hadi 450 kwa bei ileile, bei ya kilo imepanda kwa asilimia 11.

Kazi ya wiki mbili zijazo: bandika karatasi karibu na ndoo ya taka. Kila chakula kinachotupwa kiandikwe ni nini, kiasi cha kukadiria na sababu yake. Sababu ziwe tatu tu: kimeharibika kabla ya kupikwa, kimepikwa kingi, au kiporo kimesahaulika. Kila moja ina dawa yake, ndiyo maana kuandika "vimetupwa" peke yake hakusaidii. Usidhani jambo hili ni dogo. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, si kwenye migahawa wala madukani.

Ghala_Kavu

Nachukua la jumla na la mboga.

Kununua kwa jumla kunaokoa pale tu vitu vitatu vinapokutana: bei ya kilo iko chini kweli (pigeni hesabu, pakiti kubwa si lazima iwe nafuu), mtakimaliza kabla hakijaharibika, na ukubwa wa chombo hauwafanyi mtumie zaidi. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na kwenye mafuta ya kupikia ndipo hela inapopotea. Lita moja ina takriban vijiko 66 vya mezani vya ml 15. Anayemimina kutoka kwenye dumu la lita 5 anafikisha vijiko vitano bila kujua, na lita inaisha kwa mapishi 13. Akipima vijiko vitatu, lita ileile inafika mapishi 22. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo, weka kijiko kando yake, dumu likae limefungwa kabatini mbali na jiko. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoyafanya mafuta yaharibike na kutoa harufu mbaya.

Mchele mweupe mkavu ukifungwa vizuri unakaa muda mrefu sana, huo nunueni kwa jumla bila wasiwasi. Mchele wa kahawia na unga usiokobolewa ni habari nyingine: kiini cha nafaka kina mafuta, na yakishachacha unga unakuwa mchungu. Hivyo nunua vya mwezi mmoja au miwili. Viungo vya kusaga pia visizidi miezi michache, harufu inaondoka na mpishi anaanza kuongeza vijiko.

Wadudu wa nafaka mara nyingi huja na mayai yao kutoka dukani. Kama mna friza, fungeni nafaka kwenye mfuko usiopitisha hewa na muiache siku nne kwenye nyuzi -18. Mayai na viluwiluwi vinakufa. Kosa la kawaida linatokea baada ya hapo: mtu anautoa mfuko na kuufungua ungali wa baridi, unyevu wa hewa unaganda juu ya nafaka, na wiki mbili baadaye kuna ukungu. Acha mfuko umefungwa hadi ufikie joto la chumba, tena upesi upesi hausaidii, kilo tano zinahitaji hata siku nzima.

Sasa mboga za majani. Zina maadui wawili wanaovutana. Hewa kavu ya friji inazinyausha, na matone ya maji juu ya jani yanalisha bakteria wa kuozesha. Ukiziacha wazi zinalala, ukizifunga zikiwa na maji zinateleza. Ukifika nyumbani, kata kamba iliyofunga fungu kwa sababu chini yake ndipo kuoza kunapoanzia. Chambua, toa kila jani la njano au lililopondeka. Usioshe, ila kama unaweza kuzikausha kabisa. Zizungushie kitambaa kikavu cha pamba au karatasi ya jikoni, weka kwenye kontena lenye mfuniko au mfuko uliofungwa nusu, droo ya chini ya friji. Kitambaa kikishika unyevu, badilisha. Kwa majani mengi hiyo inatosha kuvuka wiki. Zikishalegea bila kuoza, kata ncha za mashina na uzitumbukize kwenye maji baridi dakika 20 hadi 30, nyingi zitasimama tena.

Halafu kuna ethilini, gesi inayoivisha matunda. Tufaha, ndizi zinazoiva, maembe, parachichi na nyanya huitoa, na majani, matango, brokoli na karoti huathirika nayo. Majani yanageuka njano, karoti zinakuwa chungu. Zikikaa droo moja, mboga zako zinazeeka kwa kasi ya tunda. Zitenganishe.

Mengine kwa haraka. Viazi gizani, pakavu penye ubaridi, mbali na vitunguu. Vikigeuka kijani kata sehemu hiyo kwa kina, na vikiwa vichungu vitupe. Nyanya ambazo hazijaiva zisiingie friji. Ndizi vilevile, ubaridi chini ya nyuzi 13 hivi unaziharibu. Mkate kwenye friji unachakaa haraka kuliko nje, kwa hiyo weka wa siku mbili nje na uliobaki uukate vipande uingie friza. Karoti zikija na majani yake, yakate siku hiyohiyo, yanafyonza maji ya mzizi.

Sufuria_Moja

Naunga mkono yote ya Ghala_Kavu ila ningeongeza jambo analoliruka: hata uhifadhi mzuri vipi, kununua mboga laini mara moja kwa wiki ni kujitakia hasara kama soko liko njiani. Nunueni ngumu mara moja kwa wiki (kabichi, karoti, boga, viazi) na laini mara mbili, kidogo kidogo. Kama safari ya sokoni ina nauli, jumlisha nauli hiyo kwenye bei ya mboga kabla ya kuamua.

Na ratiba ya mapishi isipangwe kwa majina ya vyakula tu. Ipangwe kwa kasi ya kuharibika: majani na samaki siku mbili za kwanza, nyanya na matunda mabivu katikati ya wiki, kabichi na mizizi mwishoni, nafaka na kunde siku ya akiba.

Mpishi_wa_Zamu

Hakuna aliyegusa sufuria yenyewe, na hapo ndipo ile sababu ya "kimepikwa kingi" inapozaliwa. Kupika kwa kukadiria kwa jicho karibu kila mara kunazidisha. Kwa mlo mmoja, mtu mzima anatosheka na gramu 75 hadi 90 za mchele mkavu, mtoto nusu hadi theluthi mbili ya hizo kulingana na umri. Kikombe cha ml 250 kinabeba karibu gramu 190 hadi 200. Kwa nyumba yako hiyo ni kikombe kimoja na nusu hadi viwili. Kama sasa mnapika vitatu, kimoja kinatupwa kila siku. Maharage makavu ni gramu 60 hadi 80 kwa mtu mzima yakiwa ndiyo mboga kuu. Pima kwa wiki chache, kisha tia alama kwenye kikombe na usahau mizani.

Chakula cha kesho cha kazini kipakuliwe kwanza, kabla sufuria haijafika mezani. Kikisubiri kitakachobaki, ama hakibaki ama kinabaki kisichotosha, na mtu anaishia kununua.

Viporo vina kanuni ambazo sitaki mzichukulie kirahisi, maana mgonjwa mmoja anameza akiba ya miezi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama joto la hewa limevuka nyuzi 32, saa moja. Kigawe kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi kama sentimita 5, kwa sababu sufuria nzima ikiingizwa friji ikiwa ya moto, katikati inabaki vuguvugu kwa saa nyingi na bakteria wanazaana humo. Friji iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Viporo vingi viliwe ndani ya siku tatu au nne, vipashwe mara moja tu, hadi moto ufike nyuzi 75 katikati. Andika tarehe kwenye utepe juu ya mfuniko. Bila tarehe kila mtu anaogopa kukila na hakuna anayekitupa hadi kimeharibika kweli.

Wali ni wa kuangaliwa zaidi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa juu ya jiko usiku kucha zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe vipi. Upoeze ndani ya saa moja, uingie friji, uliwe kesho yake.

Tofautisheni pia tarehe za kwenye pakiti. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora: biskuti, mchele, tambi, makopo yasiyovimba wala kutoboka haviwi sumu siku inayofuata. "Tumia kabla ya" kwenye nyama, samaki na maziwa freshi ni ya usalama, hiyo iheshimuni. Nyama mnayoona hamtaifikia, igandisheni kabla ya siku hiyo, si baada.

Mifupa ya kuku msitupe. Mifupa, maganda safi ya karoti na kitunguu kimoja, maji lita 2, moto mdogo saa mbili au tatu, chuja. Usitie chumvi mapema. Endelea kuchemsha hadi ibaki nusu, ipoe kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, igandishe kwa vikombe. Kikombe kimoja cha supu hiyo nzito kinabadilisha kabisa wali au maharage ya siku ambayo hakuna nyama.

Moto nao ni hela. Maji yakishachemka yako kwenye nyuzi 100, yatokote taratibu au yaruke juu. Moto mkubwa baada ya hapo unageuza maji kuwa mvuke tu, chakula hakiivi mapema. Punguza, funika. Sufuria ya presha inafikisha karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 10 hadi 15 tangu presha ishike, badala ya saa nzima au zaidi.

Kapu_la_Wiki

Asanteni sana, nimeshabandika karatasi kwenye ndoo. Mawili bado. Maharage yetu mara nyingine yanachemka saa tatu na bado ni magumu, mwisho tunayatupa, je, tunakosea nini? Na upande wa kula nje hakuna aliyenijibu.

Sahani_na_Bili

La kula nje nalichukua mimi.

Elewa kwanza bei ya sahani inavyojengwa. Migahawa mingi inapanga bei ili malighafi zichukue takriban asilimia 28 hadi 35 ya bei ya kuuzia. Nyingine ni mishahara, pango, nishati, hasara na faida. Si wizi, ndivyo biashara inavyosimama. Ila kwako ina maana moja: nje unalipa hasa kazi na mahali. Basi lipia kazi ngumu. Agiza kile ambacho nyumbani kingekula nusu siku, mafuta mengi au vifaa msivyo navyo. Yai la kukaanga, wali mweupe, chai na maji ya chupa ni vitu ambavyo malighafi yake ni senti na bei yake ni ya mgahawa. Vinywaji ndipo faida yao kubwa ilipo. Familia ya watano ikinywa maji na kula kilekile, bili inashuka bila mtu kuhisi kapunjwa. Migahawa yenye menyu ya mchana na ya jioni mara nyingi inauza chakula kilekile mchana kwa bei ya chini, kwa hiyo sherehe ndogo ya familia ifanyeni mchana.

Soma mwisho wa menyu kabla ya kuagiza: kodi imo ndani ya bei au inaongezwa? Kuna tozo ya huduma? Kama tozo ipo, bakshishi ya pili si lazima. Sahani ikiwa kubwa, omba kontena mwanzoni, gawa nusu kabla ya kuanza kula. Ila ile saa mbili ya Mpishi_wa_Zamu inaanza kuhesabiwa pale mezani, si mkifika nyumbani.

Kuagiza kwa simu ndiko kunakouma zaidi kwa kuwa gharama zimetawanywa. Bei za vyakula ndani ya programu mara nyingi ziko juu ya zile za mgahawani, kwa sababu programu inakata kamisheni kwa mgahawa. Juu yake kuna ada ya kuleta, ada ya huduma, wakati mwingine ada ya oda ndogo, halafu bakshishi ya anayeleta. Chukua oda yenu ya mwisho, gawa jumla mliyolipa kwa bei ya vyakula hivyohivyo kwenye menyu ya mgahawani. Ukipata 1.4, mmelipa asilimia 40 zaidi kwa chakula kilichofika kimepoa. Kupiga simu na kwenda kuchukua mwenyewe kunaondoa karibu yote hayo.

Lakini umesema mwenyewe kwamba mnaagiza mkiwa mmechoka. Kwa hiyo msilitibu kwa kujikaza, jikoni kuwe na milo mitatu inayoiva ndani ya dakika 20. Mmoja wa friza: mchuzi au maharage yaliyokwisha kuiva, yagandishwe kwenye mfuko uliolazwa bapa unene wa sentimita 2 au 3, hivyo yanayeyuka haraka (bonge la kilo linachukua saa nyingi, na mtu aliyechoka halisubiri). Wa pili wa kabatini: adesi nyekundu zilizokobolewa, hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 15 hadi 20. Wa tatu mayai na tambi. Ukitumika mmoja, unarudishwa wiki hiyohiyo. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwenye kula nje, na ningeanza nayo kabla ya kugusa chai ya mtu.

Chai na vitafunwa vya kazini: usivifute, vitengee kiasi cha wiki kwa fedha taslimu au pochi tofauti ya simu. Kikiisha Alhamisi, mtu anasubiri Jumatatu. Kiasi cha mwezi hakifanyi kazi, kinaisha wiki ya pili. Kwa chakula cha kubeba kisicho na mahali pa kupasha, jaza chupa ya kutunza joto maji yanayochemka dakika 10, mwaga, ndipo utie chakula kinachotoa mvuke. Kisipowekwa kwenye chupa iliyopashwa, kinashuka chini ya nyuzi 60 mapema na mchana si salama tena.

Ghala_Kavu

Kuhusu maharage, mkuu, kuna sababu nne, na huenda zimeungana.

Ya kwanza ni umri. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanabadilika ndani na kukataa kulainika. Kabla ya kununua gunia, nunua nusu kilo, upike. Ya pili, maji magumu yenye kalsiamu nyingi hukaza ganda. Ya tatu ni tindikali: nyanya, limau au siki vikiingia mapema, ganda halilegei. Vitiwe baada ya maharage kulainika kabisa, si "karibu kuiva". Ya nne ni moto unaopandishwa na kuzimwazimwa.

Loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji mengi, tia chumvi gramu 15 kwa kila lita. Chumvi haiyakazi, sodiamu inachukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu kwenye ganda na kulilegeza. Mwaga maji hayo, suuza. Kama maji yenu ni magumu au maharage ni ya zamani, ongeza robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa kila lita ya maji ya kupikia. Ukizidisha yanavurugika, yanapata ladha ya sabuni na vitamini B1 inapungua. Ya zamani yakigoma hata hivyo, yaingie sufuria ya presha, kisha yasageni kuwa rojo la supu badala ya kuyatupa.

Onyo kwa maharage mekundu makubwa. Yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo inaleta kutapika na kuharisha kama hayajachemka sawasawa. Yatokote kwa nguvu, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri dakika 30, ndipo moto upunguzwe. Chungu cha umeme cha kupikia polepole kwa joto la chini kisitumike kuyapika yakiwa mabichi, maana joto lisilofika mchemko linaweza kuiongezea sumu hiyo nguvu.

Pikeni kilo nzima kwa moto mmoja, gawa kwa milo. Ya kugandisha yafunikwe na maji yake ya kupikia yasikauke, na uache sentimita 2 juu ya chombo, kwa kuwa maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na mfuniko unapasuka.